Kuchora reli na njia za miguu kwenye OpenStreetMap: mwongozo kamili kwa wanaojitolea

Programu nyingi za kuelekeza njia kwenye simu, zikiwemo OsmAnd na Organic Maps, huchota data zake OpenStreetMap. Ramani hii ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote aliyefungua akaunti anaweza kuichora. Kwetu kazi hii ina mizizi: Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009, na Ramani Huria ikaanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Mara nyingi barabara kubwa na majengo huchorwa kwanza. Vichochoro, njia za mkato na sehemu zinapokutana na reli husubiri mtu wa kuzifuatilia kwa miguu.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo: programu inayomwongoza mtembeaji haizingatii reli. Inafuata mistari ya njia peke yake. Ukichora njia ya miguu ikakatiza reli, programu itampitisha mtu hapo, hata kama pana uzio wa waya na treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Hakuna mtu ofisini atakayekagua mstari wako kabla haujaonekana. Ukiuchora, umeshampa maelekezo mtu usiyemjua, pengine mgeni wa mtaa anayetembea usiku akiwa na mtoto mgongoni. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote katika mwongozo huu inahusu pale njia inapokutana na reli.

Hatua ya kwanza: maandalizi

Fungua akaunti kwenye openstreetmap.org, kisha chagua kihariri, yaani programu ya kuchorea ramani. Anayeanza atumie iD, kinachofunguka ndani ya kivinjari bila kupakua chochote. JOSM ni ya kompyuta na ina nguvu zaidi, hasa kwa reli zenye njia nyingi sambamba. Jifunze baada ya kuzoea iD. Kwenye simu ya Android kuna Vespucci na StreetComplete. StreetComplete hukuuliza maswali mafupi ukiwa papo hapo, kama vile njia hii ni ya udongo au ya zege, kisha inaandika yenyewe lebo, yaani maneno mafupi yanayoeleza kitu kilichochorwa ni cha aina gani. Wenye iPhone wana Go Map!!. Every Door inafanya kazi kwenye aina zote mbili.

Vyanzo ni suala la kisheria. Usinakili kitu chochote kutoka Google Maps, hata jina la stesheni. Usinakili ramani ya shirika la reli au ya halmashauri mpaka kuwe na ruhusa ya maandishi. Unachoruhusiwa ni ulichokiona mwenyewe, ulichorekodi kwa GPS, ulichoambiwa na wakazi, na picha za setilaiti zilizomo ndani ya vihariri, kama za Bing na Esri, ambazo wenyewe wameruhusu zitumike kwa kazi hii.

Kabla ya kuingia mtaani, pita ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, mweleze unachorekodi na kitakachoonekana kwenye ramani. Mtu anayezunguka vichochoroni ameshika simu juu anatiliwa shaka, na wakazi wana haki ya kumtilia shaka. Mara nyingi mwenyekiti atakupa mjumbe wa kukusindikiza, na huyo ndiye anayejua njia ipi ilifungwa juzi na ipi hujaa maji masika.

Kuhusu usalama wa reli, usitembee juu ya reli ili kurekodi mstari wake. Reli itachorwa vizuri kabisa kutoka kwenye picha ya setilaiti. Kwenye reli ya kisasa ya Tanzania, nyaya za juu zina umeme wa volti 25,000, kwa hiyo usinyanyue fimbo ya kamera wala mti wa kupimia karibu nazo. Ukifika kwenye kivuko, rekodi ukiwa umesimama pembeni, vuka kama mkazi yeyote anavyovuka, kisha endelea kuandika ukiwa upande wa pili.

Hatua ya pili: kukusanya taarifa mtaani

Washa kurekodi safari kwenye OsmAnd au Vespucci kabla hujaanza kutembea, na usubiri kidogo simu ipate setilaiti za kutosha. Mahali pa wazi GPS ya simu hukosea mita chache tu. Katikati ya kuta ndefu, kwa mfano kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar, makosa huongezeka kiasi cha mstari kurukia nyumba ya jirani. Dawa yake ni kupita njia ileile mara mbili, kwenda na kurudi, kisha kuchora katikati ya alama hizo huku ukiangalia picha ya setilaiti.

Piga picha za vitu, usipige za watu. Unachohitaji ni kibao chenye jina, geti, ngazi, upana wa njia, aina ya ardhi, taa na mwanya kwenye uzio. Andika na saa ya picha, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kuioanisha na mstari wa GPS utakaporudi nyumbani.

Ukitaka kurekodi reli ya mbali ukiwa ndani ya treni, fanya hivyo. Kaa dirishani na uache simu irekodi. Mstari huo utakusaidia kuona kama picha ya setilaiti imekaa sawa. Hautakusaidia kutenganisha njia mbili za reli zilizo bega kwa bega.

Hatua ya tatu: kuchora reli yenyewe

Lebo za OpenStreetMap huandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza duniani kote, ili programu zote zizisome kwa namna moja. Majina ya mahali huandikwa kama wenyeji wanavyoyaita.

Kila njia ya treni inachorwa mstari wake. Penye njia mbili sambamba, chora mistari miwili, na stesheni yenye njia tano ina mistari mitano. Lebo ya msingi ni railway=rail. Njia kuu huongezewa usage=main na tawi usage=branch. Njia za pembeni ambako treni hupishana au mabehewa husubiri hupewa service=siding, na zile za yadi ya kupangia mabehewa service=yard. Reli haina kona kali, kwa hiyo weka nodi (vidoti vinavyounda mstari) za kutosha kwenye mkunjo mpaka uonekane laini. Pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, mistari ishirikiane nodi moja, na nodi hiyo ipewe railway=switch.

Kinachowachanganya wengi hapa kwetu ni geji, yaani upana kati ya chuma na chuma, unaoandikwa kwa milimita. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ni gauge=1000. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, nayo ni 1000. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ni gauge=1067. Reli za kisasa, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017 na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria 2024, ni gauge=1435.

Tofauti ya Reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67 tu, na hakuna picha ya setilaiti itakayokuonyesha. Lazima ujue reli ni ya nani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya mizigo ihamishwe kutoka behewa moja kwenda jingine pale Kidatu, na ukikosea geji hapo umeunganisha kwenye ramani reli mbili ambazo treni moja haiwezi kuzipita zote.

Umeme nao utofautishe. Reli ya kisasa ya Tanzania hupewa electrified=contact_line, voltage=25000 na frequency=50. Ile ya Mombasa hadi Nairobi imeendeshwa kwa injini za dizeli tangu ilipofunguliwa, kwa hiyo usinakili lebo za umeme kutoka moja kwenda nyingine kwa sababu tu zote zinaitwa SGR.

Hali ya reli iseme ukweli wa leo. Inayojengwa, kama vipande vya kuelekea Mwanza, ni railway=construction pamoja na construction=rail. Ambayo chuma kipo lakini haitumiki ni railway=disused. Ambayo chuma kiling'olewa na tuta likabaki ni railway=abandoned. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na reli ya mradi wa karanga kati ya Nachingwea na Mtwara, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tuta lake likionekana mahali, linastahili kuchorwa kama abandoned. Palipolimwa au kujengwa nyumba juu yake, acha. Ramani hii ni ya vitu vilivyopo.

Hatua ya nne: kuchora njia za miguu

Kabla ya kuchora jiulize nani anapita. Njia iliyotengenezwa kwa waenda kwa miguu, kama ile ya kando ya barabara au ya bustanini, ni highway=footway. Njia nyembamba ya udongo ambayo gari haliingii lakini watu, baiskeli na pikipiki hupita, ni highway=path. Hiyo ndiyo utakayoitumia zaidi vijijini na kwenye makazi yaliyosongamana. Kama bodaboda hupita kila siku, ongeza motorcycle=yes; kama serikali ya mtaa imeweka nguzo kuwazuia, weka motorcycle=no na uonyeshe nguzo zenyewe kwa barrier=bollard. Ngazi ni highway=steps, na incline=up ikielekea upande mstari unakopandia. highway=track ni njia ya shambani au msituni inayopitika kwa trekta na gari la kazi. Usiitumie kwa kila barabara ya vumbi; barabara ya mtaa yenye nyumba pande zote ni highway=residential hata kama haijawahi kuona lami.

Halafu ongeza sifa zitakazomsaidia mtembeaji kuamua. surface inaeleza ardhi: ground kwa udongo wa kawaida, sand kwa mchanga, concrete kwa zege, paving_stones kwa vitofali. width ni upana kwa mita. Mtu wa kiti cha magurudumu au anayesukuma mkokoteni wa maji hutegemea namba hiyo. lit=yes kama kuna taa zinazowaka, na uthibitishe usiku. Kidaraja cha mbao juu ya mtaro ni kipande cha njia chenye bridge=yes, layer=1 na surface=wood. Njia za mabondeni zinazofunikwa na maji, kama za kando ya mto Msimbazi, hupewa flood_prone=yes. Lebo hii ni muhimu kama jina la njia, kwa sababu aliyeishi hapo muda mrefu hahitaji kuambiwa, mgeni ndiye anayeihitaji.

Mistari miwili ikionekana imegusana kwenye skrini haimaanishi imeungana. Njia ya mkato isiposhirikiana nodi na barabara, kwa programu za kuelekeza njia hizo ni njia mbili zisizofahamiana, na mtembeaji atazungushwa mbali. Kuza picha hadi mwisho uhakikishe.

Hatua ya tano: pale njia inapokutana na reli

Tuchukue kivuko cha kawaida kabisa kwenye reli ya zamani, cha aina unayoikuta Buguruni, Vingunguti au Kibera. Njia inatoka barabarani, inapenya kati ya vibanda, inapanda tuta kwa ngazi zilizotengenezwa na mataruma ya zamani, inakata njia mbili za treni, inashuka upande wa pili na kuingia mtaani. Hakuna geti wala kengele, lakini mamia ya watu hupita hapo.

Anza kwenye nodi ya barabara. Chora highway=path mpaka chini ya tuta, kata mstari, na kipande cha ngazi kipe highway=steps. Juu ya tuta rudi kwenye path. Mstari unapokata njia ya kwanza ya treni, weka nodi moja inayoshirikiwa na njia pamoja na reli, uipe railway=crossing. Fanya vilevile kwenye njia ya pili. Kila njia ya treni ina nodi yake. Kisha shuka na uunganishe na barabara ya upande wa pili. Kwa kuwa njia haikujengwa na mamlaka yoyote, ongeza informal=yes. Kwenye nodi za kuvuka ongeza crossing:barrier=no na crossing:light=no, ili programu inayoweza kutoa tahadhari iwe na cha kusema.

Kwa barabara ya magari nodi huitwa railway=level_crossing. Penye geti la kuinuka linalofunga barabara yote andika crossing:barrier=full, na kama kuna mlinzi wa geti, supervised=yes.

Sasa hali ya pili, iliyo hatari zaidi. Reli ya kisasa imezungushiwa uzio, na watu huvukia kwenye vivuko vya chini na madaraja yaliyojengwa. Picha ya setilaiti ya zamani inaweza bado kuonyesha njia nyeupe za miguu zikikatiza mahali ambapo sasa pana uzio, na mchoraji wa mbali atazifuata kwa nia njema. Usichore njia ikikatiza reli ya kisasa kwa kutegemea picha peke yake. Na ukikuta imeshachorwa, nenda ukaone.

Kama uzio umefunga, hatua ni kuikata njia: kipande cha upande huu kiishie penye uzio, na cha upande wa pili vivyo hivyo, na kipande cha katikati kifutwe. Usidhani kuchora uzio kwa barrier=fence kunatosha. Programu nyingi huruka uzio bila kuuona kama mstari wa njia unaendelea. Halafu fanya kazi iliyobaki, ambayo ndiyo yenye thamani kwa wakazi: tafuta kivuko kilicho karibu na ukichore kikamilifu. Njia inayopita chini ya reli haishirikiani nodi na reli. Kama treni inapita darajani, reli ndiyo inayopewa bridge=yes na layer=1, na njia ya chini inabaki kawaida. Hivyo ndivyo ilivyo katikati ya Dar es Salaam ambako reli ya kisasa imepandishwa juu ya nguzo. Kama njia inapenya ndani ya tuta kupitia tundu la zege, kipande hicho cha njia hupewa tunnel=yes na layer=-1. Pima urefu wa kutoka chini hadi dari kwa macho, uone kama hukaa maji, na uandike.

Vipi kuhusu mwanya uliokatwa kwenye uzio? Watu hupenya, na wewe umewaona. Ushauri wangu ni kutouunganisha. Mwanya unaweza kuzibwa kesho, lakini zito zaidi ni kwamba ramani ingemtuma mgeni kwenye reli ya treni ya kasi akidhani ni kivuko. Acha ujumbe kwenye ramani kwa kitufe cha maelezo, useme kwamba hapa watu huvuka na hakuna kivuko karibu, utaje na umbali wa kilicho jirani. Maelezo ya namna hiyo, yakikusanywa, ni hoja nzuri ya mtaa kuomba kivuko.

Na njia iliyokanyagwa sambamba na reli, ndani ya eneo la hifadhi ya reli? Ipo mahali pengi. Ikiwa imepigwa marufuku kwa kibao, ichore ukiipa foot=no. Reli yenyewe usiipe foot=yes kamwe, hata kama nusu ya mtaa huitumia kwenda sokoni.

Hatua ya sita: stesheni

Stesheni ni nodi yenye railway=station na jina lake, kwa mfano Pugu, Soga au Ngerengere. Kituo kidogo ambako treni husimama bila jengo wala njia za kupishana ni railway=halt. Jukwaa la abiria hupewa public_transport=platform pamoja na railway=platform. Lango la kuingilia ni railway=train_station_entrance. Kisha chora njia ya miguu kutoka kituo cha daladala hadi lango, na kutoka lango hadi jukwaani. Bila mstari huo programu itamwacha abiria nyuma ya stesheni, upande wa yadi, kwa kuwa ndiyo barabara iliyo karibu zaidi na nodi.

Hatua ya saba: visivyochorwa

Njia inayopita uani kwa mtu si ya umma, iache. Usichore njia za ndani ya kambi za jeshi wala maeneo ya ulinzi. Njia za siri za msituni zinazotumiwa na askari wa wanyamapori zinaweza kumsaidia jangili, na njia ya kwenda kwenye makaburi au mahali pa matambiko ichorwe pale tu wazee wa eneo wakiridhia. Majina ya watu binafsi hayaandikwi popote.

Hatua ya nane: kupakia na kuhakiki

Pakia kazi kwa mafungu madogo, mtaa mmoja kwa wakati mmoja. Kwenye maelezo ya fungu andika ulichofanya na ulikojua, kwa mfano: "Nimekata njia mbili zilizofungwa na uzio wa reli ya kisasa na kuongeza kivuko cha chini, nimefika mwenyewe." Kiswahili kinaruhusiwa. Kabla ya kupakia, JOSM itakuonyesha mistari iliyokatana bila nodi na njia zisizounganika. iD nayo hutoa onyo pembeni. Soma kila onyo, lakini usiweke nodi kwenye daraja ili tu onyo litoweke.

Kama picha ya setilaiti haijakaa sawa na mistari ya GPS, sogeza picha. Usisogeze mistari ya wenzako. Ukikuta kazi ya mtu ina shaka, mwandikie kwenye fungu lake umuulize kwa heshima kabla ya kufuta. Na wewe ukiandikiwa, jibu.

Ramani ya openstreetmap.org huonyesha mabadiliko baada ya dakika chache, na OpenRailwayMap itakusaidia kukagua reli zikiwa peke yake. Programu za simu huchelewa, kwani OsmAnd kwa kawaida hutoa ramani mpya kila mwezi. Wakati huohuo unaweza kujaribu kwenye tovuti ya openstreetmap.org yenyewe, ambako kuna kitufe cha kutafuta njia. Mabadiliko yakishaingia humo, weka pointi moja upande huu wa reli na nyingine upande wa pili, chagua kutembea, uone mstari unapitia wapi. Geuza pointi ujaribu tena. Ukivukia kwenye kivuko ulichokiona kwa macho, kazi ya eneo hilo imekamilika. Ukivukia kwingine, kuna mstari ambao bado hujaukata.